MAJI YANAPOGANDA

Katika sura iliyopita tuliyapasha maji moto hadi yakachemka, tukaona yakigeuka mvuke na kupotea hewani. Katika sura hii tutafanya kinyume chake. Hatutayaongezea maji joto, bali tutayaondolea joto kidogo kidogo, mpaka yashindwe kumiminika. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kuganda, na maji yaliyoganda huitwa barafu.

Neno kuganda lina maana zaidi ya moja, na yafaa tuzitenganishe kabla ya kuanza. Damu inayotoka jerahani huganda. Maziwa yakiachwa kibuyuni huganda, nasi tunayanywa yakiitwa mgando. Lakini ukiupasha moto mgando, haurudi kuwa maziwa mabichi. Wala damu iliyoganda haitiririki tena. Maji hayako hivyo. Weka kipande cha barafu ndani ya bakuli juani, na baada ya muda utakuta maji yale yale, hayakuharibika, hayakubadilika ladha. Basi kila tutakaposema kuganda katika sura hii, maana yetu itakuwa hii: kimiminiko kugeuka yabisi kwa kupoteza joto, na kuweza kuirudia hali yake kinapopashwa moto. Kimiminiko ni kitu kinachomwagika na kufuata umbo la chombo kilimo, kama maji au mafuta ya taa. Yabisi ni kitu chenye umbo lake chenyewe, kama jiwe.

Wako watu katika nchi yetu wanaoiona barafu isiyotengenezwa na mtu. Katika uwanda wa juu wa Kitulo, huko Makete, wakati wa kipupwe nyasi huweza kuwa nyeupe asubuhi kwa sakitu, nayo ni barafu nyembamba sana. Watu waishio chini ya Mlima Kilimanjaro wameutazama weupe wa Kibo tangu kale. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huo tarehe 11 Mei, 1848. Yeye na mwenzake Ludwig Krapf waliandika habari walizozisikia huku kwamba kitu kile cheupe kilichong'aa kama fedha, kilipoteremshwa chini ndani ya chombo, kilikutwa kuwa maji matupu. Hakuna aliyewaibia fedha yao njiani! Ilikuwa maji tangu mwanzo. Huko Ulaya, hata hivyo, baadhi ya mabingwa walikataa kwa miaka mingi kuamini kwamba barafu yaweza kukaa karibu na Ikweta. Walikuwa hawajaiona. Sisi tutaiona, tutaishika na kuipima.

Kugandisha maji bila jokofu

Jaribio la 1. Kama shuleni kwenu hakuna jokofu, jaribio hili laweza kufanyika. Mtahitaji barafu ya kununua kiasi cha kilo mbili, chumvi ya kupikia, ndoo, gunia kuukuu, kichupa chembamba cha plastiki, kipimajoto na saa.

Funga barafu ndani ya gunia, uiponde kwa nyundo au mchi mpaka iwe vipande vidogo. Itie ndani ya ndoo kwa matabaka: barafu, na juu yake chumvi; barafu tena, na chumvi tena. Barafu iwe mafungu matatu na chumvi fungu moja. Kisha izungushie ndoo gunia lile ili joto la nje lisiingie upesi. Tia maji katika kichupa, yasifike juu kabisa, ukichomeke katikati ya barafu na kuacha mdomo wake wazi. Tumbukiza kipimajoto ndani ya maji ya kichupa. Mwanafunzi mmoja asome kipimajoto kila baada ya dakika mbili, na mwingine aandike ubaoni.

Kwa nini tumetia chumvi? Barafu inayoyeyuka ina baridi ya nyuzi 0 za Sentigredi. Maji ya kichupa yakishafika nyuzi 0 yatakuwa sawa na barafu hiyo, na hayatakuwa na mahali pa kupeleka joto lake. Hayataganda hata tukingoja kutwa. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka hata ikiwa baridi zaidi ya nyuzi 0, nayo inapoyeyuka huvinyang'anya joto vitu vilivyo karibu nayo. Mchanganyiko huo waweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, na hata zaidi. Kwa hiyo usiushike kwa mkono mtupu. Baridi kali huumiza ngozi kama moto unavyoiumiza.

Sasa tazameni ubaoni. Mwanzoni nyuzi zilishuka upesi. Zilipofika 0 zilisimama. Dakika zilipita, ndoo ikazidi kuwa baridi, lakini kipimajoto hakikushuka. Wakati huo huo barafu ilianza kuonekana kwenye kuta za kichupa, ikaenda ikikua kuelekea katikati. Maji yote yalipokwisha kuganda ndipo kipimajoto kiliposhuka tena chini ya 0. (Mara nyingine maji yaliyotulia sana hushuka kidogo chini ya 0 yakiwa bado hayajaganda, kisha barafu hujitokeza ghafla na kipimajoto hupanda mpaka 0. Kama jambo hilo likitokea darasani kwenu, msidhani kipimajoto kimeharibika. Mmebahatika.)

Jaribio likiisha, usikivute kipimajoto kutoka katika barafu, maana kitavunjika. Ngoja barafu iyeyuke.

Kule kusimama kwa nyuzi kuna siri kubwa. Maji yalikuwa yanaendelea kutoa joto, lakini joto hilo halikutokana na kupoa. Lilitokana na kuganda kwenyewe. Ili kuigandisha kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 0, ni lazima kuyaondolea joto jingi, karibu sawa na lile linaloweza kuyapasha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Barafu inapoyeyuka hulidai joto hilo hilo na kulirudisha. Ndiyo sababu wavuvi wa Ziwa Victoria na wauza samaki wa Dar es Salaam hutumia barafu, wala hawatosheki na maji ya baridi. Barafu iliyowekwa juu ya samaki huyeyuka polepole, na kwa muda wote huo hunyonya joto la samaki pasipo yenyewe kupanda kupita nyuzi 0. Maji baridi hayana uwezo huo. Mara yamekwisha kuwa vuguvugu, na samaki ameoza.

Je, uzito hubadilika?

Barafu ni ngumu, na vitu vigumu tumezoea kuviona vizito. Ukiwauliza wanafunzi kumi kama maji huongezeka uzito yanapoganda, huenda wengi wakasema ndiyo. Jambo hili halifai kuamuliwa kwa kura. Liamuliwe kwa mizani.

Jaribio la 2. Tia maji katika chupa ya plastiki mpaka robo tatu, uifunge vizuri kwa kifuniko na kuipima. Andika uzito wake. Iweke katika jokofu la zahanati, la duka au la jirani atakayewaruhusu, au katika ndoo ya barafu na chumvi. Ikishaganda, itoe na kuipima tena.

Kabla ya kuipima, ifute kwa kitambaa kikavu, uifute tena wakati inapokaa juu ya mizani. Chupa baridi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo hugeuka matone nje ya chupa. Usipoyafuta, mizani itakudanganya, nawe utasema kwamba barafu ni nzito kuliko maji yaliyoifanya.

Ukifanya kwa uangalifu utaona kuwa uzito ni ule ule. Hakuna kilichoingia ndani ya chupa, wala hakuna kilichotoka ila joto, na joto halina uzito ambao mizani yetu yaweza kuuonyesha.

Je, nafasi hubadilika?

Jaribio la 3. Tafuta chupa ya plastiki nyembamba iliyosimama wima, isiyo na kiuno. Tia maji mpaka kimo cha sentimita 11, uweke alama kwa kalamu ya wino au uzi uliofungwa. Usiijaze hadi mdomoni, wala usitumie chupa ya kioo. Igandishe ikiwa imesimama. Kesho yake pima kimo cha barafu.

Utakuta karibu sentimita 12. Mara nyingine barafu hupanda kama kichuguu katikati, na mara nyingine kuta za chupa husukumwa nje, basi vipimo vya wanafunzi havitalingana kabisa. Lakini wote wataona kwamba barafu imepita alama. Maji ya mafungu 11 yamekuwa barafu ya mafungu 12, na uzito haukuongezeka hata kidogo.

Hapa ndipo maji yanapoachana na vitu vingine vingi, na yafaa tukae hapo kidogo. Chukua mshumaa, uuyeyushe ndani ya kopo dogo lililowekwa katika maji ya moto. Mwalimu awe karibu. Weka alama mahali nta ilipofika, kisha uiache ipoe na kuganda. Utaona shimo dogo limetokea katikati. Nta imejikunja, imechukua nafasi ndogo kuliko ilipokuwa kimiminiko. Tupa kipande cha nta iliyoganda ndani ya nta iliyoyeyuka, nacho kitazama. Mafuta ya nazi yana tabia hiyo hiyo. Asubuhi ya baridi hukutwa yameganda ndani ya chupa, na mara nyingi huwa na shimo katikati. Samli hujikunja, risasi iliyoyeyushwa na mafundi hujikunja inapopoa. Vitu vingi vimiminika, vinapoganda, hujikunja. Maji huvimba.

Kwa nini maji yafanye kinyume? Maji yamefanywa kwa chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba haziwezi kuonekana kwa macho yetu, hata kwa darubini ya kawaida ya shuleni. Fikirini wanafunzi 40 wakati wa mapumziko, wamekusanyika bombani. Kila mmoja anasukumana na mwenzake, anapita huku na huku, na wote 40 wanaenea mahali padogo. Ndivyo zilivyo chembe za maji. Sasa kengele ya mazoezi inalia, na mwalimu anaamuru kila mwanafunzi anyoshe mikono, ashikane na wenzake waliomzunguka, na kusimama mahali pake. Wanafunzi ni wale wale 40. Hakuna aliyenenepa. Lakini sasa wameujaza uwanja, kwa sababu kati yao pana nafasi tupu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuziingia.

Chembe za maji zinapoganda hufanya hivyo. Kila chembe hushikamana na chembe nne za jirani, nazo hupangana kwa mizunguko ya pembe sita, katikati ya mizunguko pakiwa patupu. Ndiyo maana punje ya theluji, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi huonekana kama nyota ya ncha sita. Chembe za nta hazina mpango wa namna hiyo. Zinapopoa husogeleana tu.

Nguvu ya barafu

Watu waliosahau soda ya chupa ndani ya sehemu ya kugandishia ya jokofu wamekuta vipande vya kioo. Si baridi iliyoivunja chupa, bali ni kule kuvimba. Barafu ilihitaji nafasi ya ziada, nafasi haikuwapo, basi barafu ikajitengenezea nafasi yake.

Kioo ni dhaifu, utasema. Katika mji wa Quebec, nchini Kanada, ambako kipupwe ni kikali mno, afisa wa mizinga aitwaye Edward Williams alifanya majaribio kati ya mwaka 1784 na 1785. Alichukua makombora matupu ya chuma, akayajaza maji, akayaziba kwa nguvu na kuyaacha nje katika baridi. Maji yalipoganda, kizibo kimoja kiliruka umbali wa zaidi ya mita 100. Mahali ambapo kizibo kilikataa kutoka, chuma chenyewe kilipasuka, na barafu ikachomoza katika ufa. Hapakuwa na baruti humo. Palikuwa na maji.

Nguvu hiyo hiyo iko kazini kila siku katika nchi yetu, katika miamba ya juu ya Kilimanjaro. Mchana jua huyeyusha theluji kidogo, na maji huingia katika nyufa za mawe. Usiku maji hayo huganda, huvimba na kuupanua ufa. Kesho yake huyeyuka, yakaingia ndani zaidi. Usiku huganda tena. Siku moja jiwe hukatika. Mawe mengi yaliyovunjika vunjika, ambayo wapandaji hukanyaga karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, yalipasuliwa namna hii.

Barafu ya Kibo yenyewe imepungua sana. Mwaka 1912 ilifunika eneo la karibu kilometa 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa 2 za mraba. Wataalamu wameona kwamba hali ya hewa ya mlimani imekuwa kavu kuliko zamani, theluji inayoanguka ni haba, na jua huila barafu kuliko inavyojazwa. Joto la dunia nalo limeongezeka.

Barafu huelea

Jaribio la 4. Tia maji ndani ya bilauri, kisha tumbukiza kipande cha barafu. Kisukume chini kwa kidole na kukiachia. Kinapanda juu tena.

Mwanafunzi aliyelifuata vema jaribio la 3 aweza kueleza sababu bila kusaidiwa. Tukijaza kikombe kimoja maji na kingine cha namna ile ile tukakijaza barafu pasipo kuacha nafasi, kikombe cha barafu kitakuwa chepesi, kwa sababu chembe zilizomo ni chache, zimeachana. Kilicho chepesi kuliko maji kwa ujazo ule ule huelea juu ya maji. Kipande cha barafu katika maji yasiyo na chumvi huonyesha nje fungu moja tu katika mafungu kumi na mawili ya ukubwa wake. Baharini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi, huonyesha karibu fungu moja katika kumi. Mabaharia waogopa milima ya barafu kwa sababu hiyo, maana sehemu kubwa imejificha. Meli ya Titanic iligonga mlima wa namna hiyo usiku wa tarehe 14 Aprili, 1912, ikazama.

Wapagazi na wapandaji wa Kilimanjaro wana hila inayotokana na jambo hili. Usiku wa kuelekea kileleni hulala katika kambi kama ile iitwayo Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, na maji waliyobeba huanza kuganda. Wale wenye ujuzi huibeba chupa ikiwa kichwa chini. Barafu hufanyika upande wa juu, ambao sasa ni kitako cha chupa, na mdomo hubaki wazi. Wasiojua huenda na chupa iliyojaa maji na kushindwa kunywa hata tone.

Ziwa Victoria haligandi, maana liko mahali penye joto mwaka mzima. Lakini Ziwa Baikal, nchini Urusi, huganda kila mwaka kwa miezi kadhaa, na barafu yake huweza kufika unene wa mita moja na zaidi. Magari hupita juu yake. Chini ya magari hayo samaki wanaogelea. Itakuwaje samaki waishi ndani ya ziwa lililoganda?

Maji yanapopoa huwa mazito zaidi na kuzama, mpaka yafikapo nyuzi 4. Hapo ndipo maji yanapokuwa mazito kuliko wakati wowote. Yakizidi kupoa kutoka nyuzi 4 kwenda 0, huanza kuvimba kidogo na kuwa mepesi, basi hubaki juu. Kwa hiyo maji ya juu huganda kwanza, na barafu, kwa kuwa huelea, hukaa hapo hapo kama blanketi, ikizuia baridi ya hewa isiyafikie upesi maji ya chini. Katika ziwa lenye kina cha kutosha, maji ya chini hayagandi, na samaki huishi humo hadi baridi ipite.

Tuseme barafu ingekuwa kama nta. Kila iliyoganda ingezama, maji mengine yangepanda juu na kuganda, nayo yangezama pia. Maziwa mengi ya nchi za baridi yangejaa barafu kuanzia chini, na samaki wangesukumwa juu mpaka wakose pa kwenda. Maisha ya samaki wale yanategemea lile fungu moja la nafasi tulilolipima kwa sentimita katika chupa ya plastiki.

Swali la mwanafunzi wa Magamba

Tumeona nini hubadilika maji yanapoganda, na nini hakibadiliki. Hatujasema lolote kuhusu muda. Je, maji ya moto na maji ya baridi, yakiwekwa pamoja mahali pa kugandishia, yapi yataganda kwanza? Kila mtu angejibu: ya baridi, kwani yana safari fupi.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayangoja yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na kila mmoja aliigombea. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu Mpemba alikuta yake yameganda, na ya mwenzake bado hayajaganda.

Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Dakta Osborne hakucheka; aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike. Matokeo yalimwunga mkono Mpemba, na mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja katika jarida la fizikia. Tangu hapo jambo hilo limeitwa, duniani kote, kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe baadaye alifanya kazi ya kuhifadhi wanyamapori.

Msidhani kwamba swali limekwisha. Wako wanaosema kwamba maji ya moto hupunguzwa na mvuke, yakabaki machache ya kugandishwa. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake ndani ya jokofu, kikakaa vizuri zaidi penye baridi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo. Wengine wanaendelea kulitafuta.

Jaribio la 5. Chukueni makopo mawili yaliyo sawa kabisa. Katika moja tieni maji ya kawaida, na katika la pili maji ya moto ya kiasi kile kile. Mwalimu ayamimine mwenyewe. Wekeni vipimajoto ndani, na makopo yote mawili yakae mahali pamoja pa kugandishia. Kabla ya kuanza, kubalianeni jambo moja, maana watu wengi wamebishana bure kwa kulisahau: "kuganda kwanza" maana yake ni nini? Ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni maji yote kuwa magumu? Andikeni jibu lenu ubaoni, msilibadili katikati ya jaribio. Rudieni jaribio mara tatu, au mara nne mkiweza. Andikeni mlichokiona hata kama si mlichokitarajia.

Maswali

1. Mwanafunzi alipima chupa ya maji, akaigandisha, akaipima tena na kukuta imeongezeka uzito. Taja jambo ambalo huenda hakulifanya.

2. Kwa nini barafu peke yake, bila chumvi, haikuweza kuyagandisha maji ya kichupa?

3. Una maji ya lita 22. Yakigandishwa yote, yatahitaji chombo cha lita ngapi?

4. Fundi alimimina risasi iliyoyeyuka katika kalibu akaijaza hadi juu. Ilipoganda aliona shimo katikati. Angekuwa amemimina maji na kuyagandisha, angeona nini?

5. Jaza bilauri maji hadi ukingoni, pakiwa na kipande cha barafu kinachoelea na kuchomoza juu. Ngoja barafu iyeyuke yote. Kabla ya kungoja, andika unavyofikiri: je, maji yatafurika, yatapungua au yatabaki pale pale? Kisha tazama, na ueleze sababu kwa kutumia hesabu ya mafungu 11 na 12.